Akili mnemba imeingia, mwalimu kaachwa mlangoni

Wadau, wiki iliyopita nilikwenda Ngamiani kumwamkia mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, ambaye bado yuko kazini. Nikamkuta barazani na rundo la madaftari ya kidato cha tatu. Baada ya shikamoo akanisukumia manne. Insha nne, sentensi zilezile!

"Mwanangu, hawa wanakaa dawati moja?"

Nikamwambia hapana, wamekaa kwenye simu moja. Nikatoa yangu, nikaandika swali lake, insha ikashuka muda huohuo. Akaitazama, akanyamaza. Halafu akaniuliza: "Sasa mie nisahihishe nini?"

Hivi jamani, nani anatakiwa kumjibu huyu mama? ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Septemba 2024 UNESCO ikatoa mwongozo wa stadi 15 za akili mnemba kwa walimu. Mapema 2025, pale Dodoma, tukazindua kwa shangwe Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Makaratasi tunayo. Mwalimu wangu hajaketi hata siku moja kwenye mafunzo ya kitu hiki.

Sinema hii tumeshaiona. MMES ilianza 2004, shule za kata zikachipua kila kona. Majengo yakatangulia, walimu hakuna. Tukachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, tukawapika wiki chache, tukawaingiza darasani. Mtaani wakaitwa "voda fasta". Tuliocheka ni sisi, walioumia ni watoto.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi simu, sawa. Lakini insha zile ziliandikwa nyumbani, kwa simu ya mzazi! Wengine wanataka kompyuta zimwagwe mashuleni. Tusidanganyane, kompyuta bila mwalimu aliyeandaliwa ni pambo la ofisi ya mkuu wa shule.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Tunayo MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao na kujengana. Akili mnemba iingie humo, kwa vitendo na kwa Kiswahili. Mwalimu ajue kuitumia kutunga mazoezi, na ajue kuishtukia inapodanganya bila aibu. Na bando asinunue kwa mshahara wake.

Mwalimu wangu hakungoja semina. Jumatatu aliwasimamisha wale wanne, kila mmoja aeleze kwa mdomo alichoandika. Hakuna aliyevuka aya ya kwanza. Njia hiyo kaigundua peke yake, barazani, baada ya miaka mingi ya chaki. Mwalimu kijana wa Pangani aliyeanza kazi mwaka huu ataitoa wapi?

Naomba kutoa hoja.