Telefone isaidie memba kwanza, si kesiye peke yake



Siku hizi karibu kila mradi unaofika kwetu unaleta mashine. Leo ni tablete ya kuandika majina ya mamemba, kesho ni balansi ya umeme, kisha programu ya kompyuta ya kutunza kesi. Tunaambiwa vitu hivi vitamaliza wizi na matabishi. Sisi hatukatai mashine. Lakini kuna swali moja la kuuliza mbele ya kupokea: habari inayoingia ndani ya mashine, nani ataiona? Kama ni prezida, kesiye na ajente wa mradi tu, basi hakuna kitu kimebadilika. Zamani kitabu kilifungiwa ndani ya kabati, sasa kinafungiwa ndani ya kompyuta yenye neno la siri.

Mashine haiibi, ni kweli. Lakini haijui pia kama mtu anayeandika ndani yake anadanganya. Kilo 50 zikiandikwa 45, kompyuta itahesabu 45 vizuri sana mpaka mwisho wa mwaka. Mtu anayeweza kusema "hapana, zilikuwa 50" ni yule aliyebeba gunia kichwani. Ndiyo maana namba inapaswa kumfikia yeye, siku ile ile, kabla hajarudi nyumbani.

Jirani zetu wa Uganda walijifunza hilo kwa pesa za shule. Watafiti walifuata pesa ambazo serikali ilituma kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, kando ya mishahara ya walimu. Waliona kwamba kwa kila shilingi 100 zilizotumwa, kama 13 tu ndizo zilifika ku shule. Zingine zilibakia njiani, ku ofisi za wilaya. Serikali ikaanza kutangaza ndani ya magazeti pesa iliyotumwa, na shule zikaambiwa kubandika karatasi ya pesa waliyopokea mahali wazazi wanapita. Mwaka 2001, zaidi ya 80 kwa kila 100 zilikuwa zinafika. Mageuzi mengine yalisaidia pia, lakini mzazi aliyekuwa na namba mkononi aliweza kuuliza. Na hapo kazi ilifanywa na gazeti na karatasi ku ukuta, bila kompyuta kijijini.

Hapa kwetu pia tuko na mfano. Kuanzia mwaka 2010 hivi, jimbo la Sud-Kivu lilianza bajeti shirikishi kwa msaada wa Banki ya Dunia. Katika komini na shefri kadhaa, raia waliitwa ku mikutano kwa mesaji za telefone, wakachagua kazi ya kufanywa kwanza, kisha mesaji zikawajulisha kilichoamuliwa. Banki ya Dunia iliandika kwamba mahali pengine watu walikubali kulipa kodi zaidi kuliko mbele, juu waliona pesa yao inafanya nini. Mtu akiona darasa limetengenezwa kwa kodi ya soko, hakimbii tena mlipishaji kodi.

Sasa tuje ku depo zetu. Tunalalamika juu ya Leta, na tuko na haki. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS na ASSODIP walihesabu bariyeri 798 ku barabara za Nord-Kivu na Sud-Kivu, wakaziweka zote ku karte. Kila mama anayepeleka maharagi ku soko anajua maana ya hesabu ile. Lakini tutamuulizaje Leta hesabu wazi, kama ndani ya koperative yetu memba hajui kahawa iliuzwa bei gani? Wakati mwingine anasikia habari ya primi ku kanisa, miezi mitatu nyuma ya malipo.

Sheria iko upande wetu. Tangu mwaka 2012 Kongo imeingia ndani ya OHADA, na sheria yake ya koperative inaomba kila koperative kuwa na kundi la uangalizi linalochaguliwa na mamemba, kando ya wale wanaoongoza. Ku karatasi, karibu kila koperative iko nalo. Lakini muangalizi asiye na namba ataangalia nini? Mumpe hesabu za kila wiki ku telefone yake, ndipo kazi yake itaanza.

Tunapendekeza vitu vitatu, na havihitaji mashine ya bei kubwa.

Cha kwanza, mesaji ya balansi. Memba akipima, apate mesaji yenye tarehe, kilo, bei ya kilo, makato na pesa anayobakia kudai. Kama hakuna rezo, apewe karatasi iliyoandikwa vitu vile vile, na copi ibakie ku depo. Makato yatajwe moja moja: deni la mbegu, mchango, usafiri. Neno "makato" peke yake ni mfuko ambao kila kitu kinaweza kuingia ndani.

Cha pili, malipo kwa telefone, iwe M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Pesa taslimu ikipita ku mikono minne, kila mkono unaweza kubakisha kitu kidogo. Pesa inayotoka ku akaunti ya koperative na kuingia ku namba ya memba inaacha alama pande zote mbili. Lakini tupatane mbele: nani analipa gharama ya kutoa pesa? Na ajente wa kijiji ataweza kulipa watu wengi siku moja, ao ataishiwa na pesa saa nne asubuhi? Mambo haya yasipopangwa, mamemba wataanza kumlipa ajente matabishi ili wahudumiwe kwanza, na tutakuwa tumehamisha ugonjwa tu.

Cha tatu, ukuta. Kila mwisho wa mwezi, ku mlango wa depo ibandikwe: kilo zilizoingia, kilo zilizouzwa, bei, na kazi ambayo pesa ilifanya. Si kila mtu iko na telefone, na si kila mwenye telefone anasoma. Hapa tuseme wazi juu ya wamama. Mara mingi mama ndiye analima, anavuna na kubeba, lakini namba iliyoandikwa ku liste ni ya bwana. Mesaji na pesa vinaenda kwa mtu ambaye hakufika ku balansi. Namba iwe ya yule aliyeleta mavuno. Mama asiye na telefone asomewe karatasi yake kwa sauti kubwa, mbele ya wengine, kabla ya kuweka kidole.

Tunajua jibu la komite nyingi: "Tukitangaza pesa, wezi watatuvamia usiku." Hofu hiyo haitoki hewani, hasa huku kwetu. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumficha memba hesabu yake. Tangazeni kilo na bei wakati wote. Pesa iliyo ndani ya kesi, tangazeni baada ya kutoka. Na mukilipa kwa telefone, pesa haitalala tena ku depo, mwizi atavunja mlango kwa bure.

Juu ya bariyeri na taksi za soko, tutumie telefone kwa akili. Musipige picha ya askari ku bariyeri, inaweza kuwaletea taabu kubwa. Mukifika nyumbani, andikeni siku, mahali, pesa mliyolipa, na kama mlipewa kitansi ao hapana. Koperative ikusanye bila kutaja majina. Sheria ya tarehe 13 Machi 2018 inataja taksi ambazo jimbo na shefri wanaweza kuomba. Federasyo ikienda kwa administrateri na hesabu ya miezi sita, mkononi ikiwa na liste ile, itakuwa vigumu kumwambia kwamba wakulima wanalalamika tu.

Na mashirika ya misaada wasisahauliwe. Mradi ukileta tablete, ulete pia namba zake: pesa ngapi imeandikwa kwa jina la koperative yetu, na ngapi imefika. Hiyo pia ibandikwe ku ukuta ule ule.

Mkutano mkuu unaokuja, mbele ya kusikiliza ripoti ya prezida, memba mmoja asimame aulize: tangu lini kila mtu hapa atapata mesaji ao karatasi ya kilo zake? Komite ijibu kwa tarehe, na sekretere aiandike ndani ya ripoti.