Muhogo wa Siku Tatu na Daftari la Mtoto

Shule za Kongo zikifungwa mwanzoni mwa Julai, watoto wa Kasongo na Kabambare hubaki na miezi miwili ya kiangazi mbele yao. Naunga mkono wazo la kuwakusanya katika kambi ya likizo inayounganisha sayansi na maarifa ya wenyeji. Hofu yangu ni moja tu: kwamba mchana watafundishwa sayansi kwa Kifaransa, na jioni mzee ataitwa kusimulia ngano kando ya moto, apigiwe makofi na kurudi kwake. Hapo mzee atakuwa mtumbuizaji, si mwalimu.

Kambi ninayoitaka ingeanza na muhogo. Kusini mwa Maniema unaliwa kila siku, bugali na sombe yake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Akina mama huuloweka majini kwa muda wa siku tatu hivi, mpaka ulainike na kunuka, kisha huuanika na kuutwanga. Mkemia ataeleza kwamba muhogo ukilainika, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na linamarini na kuivunja, na sianidi ikatoka kwa maji na kwa hewa. Lakini anayejua saa ya kuuopoa ni mama, kwa kidole na pua.

Tena, muhogo si mmea wa asili yetu. Wareno waliuleta pwani ya Kongo kutoka Amerika baada ya 1500, na kila eneo lililoupokea lililazimika kujifunza namna ya kuula bila kudhurika. Basi tusiwaambie watoto kwamba maarifa ya wenyeji ni mambo yaliyoganda tangu mababu. Yana historia ya kupokea, kupima na kurekebisha, kama sayansi nyingine yoyote.

Na kipimo chake si mchezo. Huko Bandundu, barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa na biashara ya muhogo kupamba moto, familia nyingi zilipunguza siku za kuloweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walionyesha uhusiano wa jambo hilo na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, hasa ya watoto na wanawake. Baadaye sayansi nayo ilichangia: kuanzia 2010, akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, Kwango, walifundishwa kuulowesha unga na kuutandaza tabaka jembamba kabla ya kuupika, ili sumu iliyobaki iondoke. Wagonjwa wapya hawakuonekana tena. Maarifa yalisafiri pande zote mbili.

Sisi wa isimu tulitazame neno lenyewe. Konzo ni neno la Kiyaka. Daktari Trolli alilichapisha mwaka 1938, na leo Shirika la Afya Duniani linalitumia. Anayedai kwamba lugha zetu hazibebi sayansi ajibiwe kwa neno hilo.

Hata hivyo, mara nyingi maarifa ya kusini mwa Maniema yameondoka bila kurudi. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo. Ulikuwa utafiti wenye manufaa, lakini uliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1954 Meeussen alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kibangubangu, lugha tunayoikariri darasani kama D27. Aliuandika kwa Kiholanzi. Mtoto wa Kabambare akitaka kusoma sarufi ya lugha ya mama yake, inambidi ajue kwanza lugha ya Antwerpen.

Ndiyo maana nasema kiini cha kambi kiwe daftari la mtoto. Aloweke muhogo kwenye vyungu vitatu: siku moja, siku mbili, siku tatu. Mwalimu apime kwa karatasi za pikrati, ambazo hugeuka kutoka njano kuwa kahawia penye sianidi. Mtoto aandike rangi aliyoiona, kisha akamuulize nyanya: muhogo uliolainika nusu unaitwaje? Na harufu ya siku ya pili? Ajibu kwa Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, lugha inayowakutanisha wote.

Wapo watakaosema mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, kwa hiyo tunawapotezea watoto muda. Lakini sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inazitambua lugha za taifa na za mazingira katika ufundishaji. Na mtoto aliyejifunza kupima jambo kwa lugha anayoielewa hatashindwa kulieleza kwa Kifaransa. Anayeshindwa ni yule aliyekariri tu. Wengine watataja usalama, hasa upande wa Salamabila. Hiyo ni sababu ya kuchagua mahali na wakati kwa makini, si ya kuacha.

Kitivo chetu kina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Ninaomba wawili tu waende huko Julai ijayo, na kabla ya kuondoka waache nakala ya orodha ya maneno waliyokusanya katika shule ya kijiji. Tasnifu ije huku. Maneno yabaki kwao pia.