"Fii sabilillahi" isigeuzwe kisingizio cha dhulma

 

Ndugu Waislamu, likizo za shule zinapofika, misikiti yetu mingi huandaa semina za vijana. Ni jambo la kheri kwamba baadhi ya semina hizo hazikomei kwenye fiqhi na akhlaki, bali hufundisha pia sayansi ya maisha ya kila siku: huduma ya kwanza, umeme wa jua, na namna ya kuchunguza maji ya visima tunayoyanywa. Wanaoongoza mafunzo hayo aghalabu ni vijana wetu waliohitimu vyuo lakini hawana ajira ya kudumu, na riziki yao ni kualikwa huku na kule.

Hebu tutazame hali inavyokuwa semina inapomalizika. Mwenye maturubai amekwisha kulipwa. Asingeyafunga bila ya kutangulizwa fedha. Mwenye vipaza sauti amelipwa. Mpishi wa pilau amelipwa. Amebaki mkufunzi. Huyu huitwa pembeni, akashikwa mkono kwa bashasha, akapewa nauli ya kurudia na kuambiwa: "Ustadhi, Allah atakulipa."

Hapana shaka kwamba Allah humlipa mwenye kutenda wema. Je, sisi tumemlipa? Aliyetufundisha kupima maji ya kisima alitumia siku kadhaa kutayarisha somo, akanunua dawa za kupimia kwa fedha zake, na akalazimika kurudi siku ya pili, kwani vijidudu havibainiki mpaka sampuli ihifadhiwe katika joto maalumu kwa muda wa siku nzima. Hiyo ni kazi kama ya fundi yeyote.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameamrisha kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akafanyiwa kazi kwa ukamilifu, kisha asimpe ujira wake.

Wapo watakaosema kwamba mwenye ikhlasi hadai. Hao tunawarejesha kwenye Suratul-Qasas. Nabii Musa (a.s.) aliwanyweshea mabinti wawili mifugo yao bila ya kudai chochote, kisha akajiendea kivulini. Pamoja na hayo, baba yao alimwita ili amlipe. Kutodai kwa Musa hakukumfanya mzee yule akae kimya. Kisha wakawekeana mkataba: miaka 8 iwe sharti, na akitimiza 10 iwe ni hiari yake. Hapo ndipo penye mizani. Ujira hutajwa mwanzo, na ihsani huachiwa mwenyewe aifanye. Hatuna haki ya kulitoa sadaka jasho la mwenzetu kwa niaba yake.

Basi nasaha zetu kwa kamati za misikiti ni hizi. Mafuqahaa wameshurutisha kwamba ujira katika ijara uwe maalumu, ili kuondoa gharari na ugomvi. Kwa hiyo barua ya mwaliko itaje kiasi cha ujira, idadi ya siku, na nani atakayenunua vifaa. Na nauli isihesabiwe kuwa ni ujira. Mfuko ukiwa mdogo, aelezwe mapema, apate kukubali, kupunguza siku au kukataa. Semina ikimalizika, alipwe siku hiyo hiyo. Akiamua kuurudisha ujira wake kwenye mfuko wa msikiti, hiyo ni sadaka yake, na tuipokee kwa shukrani.

Tusipofanya hivyo, vijana hawa watakwenda kwa wanaowalipa, nasi tutabaki mimbarini tukilalamika kwamba Waislamu tumeachwa nyuma katika sayansi.