Ndege Uani, Usingizi Mashakani

Mwenye gari huliegesha uani. Huko Marekani wako waegeshao ndege. Tangu mwaka 1946, mtaa wa Sierra Sky Park ulipoanzishwa Fresno, California, mitaa ya namna hiyo imezidi kuota. Spruce Creek, kule Florida, zamani ulikuwa uwanja wa jeshi la majini. Leo rubani huitoa ndege bandani kwake, akapita njia ya mtaa, akaruka.

Raha hiyo siikanushi. Hapangi foleni, hakodi banda la mbali, na jirani ni rubani mwenziwe. Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Injini hunguruma alfajiri, mtoto haachwi kucheza njia ipitayo rafadha, na kuutengeneza uwanja ni gharama ya wenye nyumba.

Hapo ndipo penye fitina. Asiye na ndege hununua nyumba kwa kupenda mandhari, kisha hudai kimya. Naona hana haki: uwanja ulimtangulia. Lakini rubani naye ajue kuwa jirani aliyechoshwa ana kura katika kikao cha mtaa. Uwanja ukifungwa, nyumba hubaki, thamani yake ikaruka. Basi na ajizuie usiku, apate kuruka mchana.