Ulizeni Mara Moja, Mwandike Majibu

Mwombaji wa pasipoti ya kwanza huingia ofisi ya Uhamiaji akiamini kazi kubwa imekwisha. Fomu kaijaza mtandaoni, malipo kayafanya, na ndani ya bahasha mna cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi wake na namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA. Zimebaki picha na alama za vidole. Ndipo ofisa anapofungua jalada na kuanza kumuuliza habari za watu waliokwisha kuzikwa: babu mzaa baba alizaliwa kijiji gani? Alihamia lini? Nani yu hai anayeweza kuthibitisha?

Maswali hayo hayakuzuka tu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kuzaliwa ndani ya mipaka yake hakukutosha kumfanya mtu raia siku ile. Kwa kawaida ilitakiwa na mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa humuhumu. Kwa hiyo kijana anayeomba pasipoti leo hupimwa kwa uraia wa mzazi wake, mzazi naye kama alizaliwa kabla ya uhuru hupimwa kwa mahali alipozaliwa babu au bibi. Ofisa, basi, ana pa kusimamia.

Tatizo ni kwamba dola inadai karatasi ambazo haikuzitoa. Chini ya ukoloni, kuandikisha vizazi kulikuwa lazima kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika aliachiwa hiari yake, na wachache waliona sababu ya kwenda bomani kwa ajili hiyo. Uhuru haukuziba pengo hilo upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa ni asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa. RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi, ilianza mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya, mpango wa kuwaandikisha watoto bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, nao umesaidia sana. Lakini hakuna mpango utakaomwandikisha leo bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa fulani, na hata jina la njaa yenyewe lina ubishi kijijini.

Karatasi zikikosekana, kinachobaki ni hati ya kiapo na sikio la ofisa. Hapo ndipo mtu wa Kasulu au Ngara, wilaya za mpakani na Burundi, huanza kutoka jasho. Kiha, lugha ya Kasulu, na Kirundi zinasikilizana, na mpaka unaowatenga wasemaji wake ulithibitishwa na Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wenyeji wakiwa hawana kauli. Haki itendeke pia kwa Uhamiaji: mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 ni miongoni mwa watu wapatao 162,000 ambao Tanzania iliwapa uraia kwa tajnisi, uamuzi ambao nchi chache duniani zingethubutu kuufanya. Ofisa mwangalifu mpakani si mtu mbaya. Ila lafudhi haijawahi kuwa ushahidi wa mahali mtu alipozaliwa, achilia mbali alipozaliwa babu yake.

Wala wanaoulizwa si wanyonge peke yao. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, hakuwa raia. Na katika tangazo hilohilo alikuwamo Timothy Bandora, aliyekuwa balozi. Mtu aliyeiwakilisha nchi ugenini aliambiwa kuwa si wa nchi hiyo. Mwishoni mwa 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, ambaye alikuwa akidai Katiba mpya hadharani, aliitwa kueleza uraia wake. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi kutoka Kigoma, aliyesema ametakiwa kupeleka vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Ni Watanzania wangapi, wakiwamo mawaziri, wangeweza kuvileta vyeti hivyo?

Uingereza nayo ilianza mwaka 2007 kuwaita kwenye mahojiano watu wazima wanaoomba pasipoti kwa mara ya kwanza. Kilichowasukuma ni utapeli: Serikali yao ilikadiria kwamba pasipoti zipatazo 10,000 zilitolewa kwa waongo katika mwaka mmoja ulioishia Septemba 2006. Hila moja ilikuwa kongwe, ile ya kutumia cheti cha mtoto aliyefariki mchanga, ambayo Frederick Forsyth aliianika katika riwaya yake ya 1971, The Day of the Jackal. Mwombaji huko huulizwa anwani alizowahi kuishi, habari za wazazi wake, au nani aliyethibitisha picha yake. Anayeuliza anayo kumbukumbu ya kulinganisha na majibu. Hapa ofisa anayeuliza kijiji cha babu hana rejesta ya kijiji hicho. Hajui jibu sahihi, kwa hiyo hana namna ya kulipima jibu. Atampima anayejibu, kwa jina lake, sura yake na jinsi anavyoyumba. Na mtu akiulizwa mara tatu kama kweli yeye ni wa kwao, hata aliyezaliwa Bagamoyo atayumba.

Kinachochosha zaidi ni kwamba mwananchi huyu alikwisha kuhojiwa. Wakati wa usajili wa vitambulisho vya taifa, maofisa wa Uhamiaji walikaa kwenye meza moja na NIDA kuhakiki uraia kabla namba haijatolewa. Sasa ofisa wa idara ileile, akiwa na namba ileile mbele yake, anaanza upya kana kwamba wenzake walikuwa wakicheza bao. Kama uhakiki ule ulikuwa wa kweli, uheshimiwe: kazi ya mahojiano ya pasipoti iwe kulinganisha uso na vidole na kumbukumbu za NIDA. Kama kuna taarifa mpya ya kutia shaka, Uhamiaji ndiyo iioneshe.

Maswali na majibu yaandikwe, pande zote mbili zitie sahihi, na mwombaji aondoke na nakala. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwani Ibara ya 13 ya Katiba inampa haki ya kukata rufaa na Ibara ya 17 inampa raia haki ya kutoka nje ya nchi. Rufaa hiyo ataikata vipi mtu aliyeambiwa kwa mdomo tu, dirishani, "wewe lete kwanza cheti cha bibi"?