Mali ya Winguni Nayo Yataka Daftari

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, nilikwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kumtafutia mama yangu dawa ya shinikizo la damu, na katika duka la kwanza nilimkuta karani amekunja mikono, maboksi yamepangwa hadi dari na wateja wamesimama mlangoni, wala hakuna kilichouzwa tangu kufunguliwa. Sababu ni kwamba bei, idadi na tarehe za mwisho za dawa zote zile zilikuwa katika programu iliyowekwa ng'ambo, na jana yake mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. "Dawa ipo, mzee wangu, naiona kwa macho," aliniambia kwa haya, "ila siwezi kuitoa."

Hatua chache mbele nikaingia duka jingine, dogo kuliko lile, nikahudumiwa kama siku zote. Mashine ya kuwekea hesabu ilikuwa palepale, chini ya ngazi, juu ya meza ya mbao, feni ikiipulizia. Mauzo ya mchana yanaandikwa humo, na usiku, intaneti ikiwapo, nakala hupandishwa winguni, yaani katika mitambo ya kukodi iliyo mbali. Bibi mwenye duka hakuwa tajiri kumshinda jirani yake. Alichomzidi ni tadbiri.

Wenye fani huuita utaratibu huu wingu mseto, yaani kuunganisha mitambo ya mtu mwenyewe na ile ya kukodi, hata mali, yaani taarifa, na kazi ziweze kuhama baina ya pande mbili bila ya kuvurugika. Na jina hilo limetufaa kuliko walivyodhani waliolichagua, maana mpishi wa pwani anajua kwamba mseto haupikwi kwa kumimina vyote chunguni mara moja: choroko hutangulia, kwa kuwa huchelewa kuiva, mchele ukafuata, na anayeipuuza tartibu hiyo huwaandalia wageni wake choroko mbichi au wali uliorojeka. Hoja yangu ni kwamba wafanyabiashara wetu wengi wananunua choroko na mchele, wala hawajajifunza kupika. Wingu mseto hununuliwa kwa siku moja, lakini husimamiwa kila siku.

Sisemi kwamba wingu ni hadaa. Tangu kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha mitambo yake kwa yeyote mwenye haja, mtu asiye na raslimali ya kununua seva, kujenga chumba chenye ubaridi na kuajiri mafundi wa zamu, ameweza kupata nguvu zile zile walizo nazo wakubwa, akalipa kwa kadiri alivyotumia. Na mwenye duka ambaye wateja wake humiminika juma la mwisho la Ramadhani kisha wakapungua, hana haja ya mtambo mkubwa utakaolala miezi kumi na mmoja. Lakini maghala makubwa ya wingu yaliyo jirani nasi si jirani sana: Microsoft walifungua yao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024; na njia kuu ya kuyafikia ni bahari, ambayo mwezi Februari mwaka huo huo ilikuwa imekwisha kutuonya, mikongo ilipokatika kaskazini katika Bahari ya Sham, kabla ya ile ya kusini kukatika mwezi Mei.

Wala hatari haiko baharini tu. Mwezi ule ule wa Mei, kule Australia, mfuko wa pensheni uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikuta mitambo yake katika wingu la Google imefutwa kwa kosa lililotokea upande wa mwenye wingu. Na miongoni mwa vilivyousaidia kurudi ni nakala uliyokuwa umeiweka amana kwa kampuni tofauti kabisa. Mfanyabiashara wa mwambao, aliyepata kungoja jahazi lisirudi, angeielewa habari hiyo bila ya kufasiriwa.

Upande wa pili wako wasemao kwamba basi kila kitu kirudi nyumbani, nao hawakosi ushahidi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mitambo yake iliwekwa ng'ambo, hata mama wa Kisumu akimtumia jirani yake shilingi mia, habari ya fedha ile ilivuka bahari kwenda na kurudi, mpaka mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Lakini nyumbani nako kuna umeme ukatikao, paa livujalo na mwizi wa usiku. Na moto haumstahi fundi, kwani tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na baadhi ya wateja waliokuwa wameweka mali na nakala yake mahali pamoja wakapoteza vyote viwili.

Mwezi uliofuata ile safari yangu ya Mei nilipita tena kwa karani wa duka la kwanza. Mwenye duka alikuwa amenunua mashine mpya ya fedha nyingi, imefunikwa kitambaa cheupe kama biharusi, na haikuwa ikifanya kazi. Kijana aliyeifunga alikuwa amekwisha kuacha kazi, naye ndiye peke yake aliyejua neno la siri. Nilisikitika, kwa sababu mtu yule alikuwa ametoa fedha za halali kutafuta salama, akarudishiwa taabu ile ile kwa sura nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni kwa nini mali ya winguni isamehewe sharti hilo. Daftari ninalolitaka linaeleza kila kitu kilipo: mauzo na akiba ya ghala, ambavyo havina budi kuendelea hata bahari ikikatika, vikae karibu; barua, matangazo na hesabu za miaka iliyopita vinaweza kwenda mbali. Linaeleza nani anashika ufunguo, na nani ataushika huyo akiondoka. Linaeleza gharama, maana bili aghalabu huja kwa dola ilhali sisi tunauza kwa shilingi, na katika mawingu makubwa kupandisha mali kwa kawaida ni bure, ila kuishusha kuna ushuru wake, jambo ambalo wengi hulitambua bili inapokuja. Tena linaeleza habari za nani zimo humo, kwa kuwa Kenya tangu mwaka 2019, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zimeweka masharti juu ya kupeleka nje taarifa za watu. Na orodha ya wagonjwa na maradhi yao ni amana kabla ya kuwa bidhaa.

Zaidi ya yote, lioneshe kwamba nakala imejaribiwa. Nakala isiyopata kurejeshwa hata mara moja ni tumaini tu, na hakuna mfanyabiashara mwenye busara awezaye kulipa mishahara kwa tumaini. Nawasihi wenye makampuni, wakuu wa mashule na waganga wakuu wasiwaachie mafundi peke yao jambo hili, kama vile wasivyomwachia bawabu funguo za sefu.

Bibi wa duka dogo alinionesha lake. Ni daftari la shule lenye jalada la buluu, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ile iliyo chini ya ngazi, na katika kila ukurasa zimeandikwa tarehe za Ijumaa, moja baada ya nyingine, na kando ya kila tarehe, kwa mkono wake mwenyewe: imerejeshwa, imehesabiwa, ni sawa.