Msongo wa Mawazo na Wauzaji wa Fikra Chanya



Yameenea siku hizi mafundisho yanayopendeza masikioni: badili mtazamo wako, na maisha yako yatabadilika. Tunayasikia katika semina za ujasiriamali, redioni na, tusifichane, hata katika kumbi za parokia zetu. Anayeshindwa huambiwa kwamba ana fikra za kimaskini. Anayelemewa na msongo wa mawazo huambiwa kwamba ameutaka mwenyewe kwa kuwaza vibaya. Tunayapinga mafundisho haya. Yamebeba ukweli kidogo, na ukweli huo ndio unaotumika kuifunika dhuluma.

Tuukubali kwanza ukweli wenyewe. Mwaka 2006 mwanasaikolojia wa Marekani, Carol Dweck, alichapisha kitabu kilichowafunza wengi kwamba mtu anayeamini kuwa akili yake yaweza kukua hustawi kuliko yule anayeamini kwamba amezaliwa na kipimo chake. Ni jambo jema. Lakini mwaka 2019 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani. Somo fupi la mtazamo huo, lisilofikia hata saa moja, liliinua wastani wa wanafunzi dhaifu kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya pointi. Tena lilizaa matunda zaidi katika shule ambamo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe walithamini kujitahidi. Mbegu ni njema, basi, lakini udongo nao una neno lake.

Na tuutazame huo udongo. Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza walianza kufuatilia afya ya wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali mjini London. Hawakuwa mafukara, walikuwa na ajira, na matibabu ya umma yalikuwa wazi kwao wote. Wengi wangedhani kwamba wakubwa, wenye majukumu mazito, ndio ambao mioyo yao ingechoka mapema. Ikawa kinyume. Matarishi na mabawabu walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wao, na sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba mtumishi asiye na kauli juu ya kazi yake yumo katika hatari kubwa zaidi. Ni nani atakayesimama mbele ya tarishi yule na kumwambia kwamba alipungukiwa fikra chanya? (Rafiki zake Ayubu, pengine. Nao walikuwa na majibu ya haraka.)

Watatujibu kwa jina la Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna aliyenusurika Auschwitz, ambaye kitabu chake cha mwaka 1946 hakikosi kutajwa na wahamasishaji. Wamsome hadi mwisho. Frankl alifundisha kwamba mateso yasiyoepukika yaweza kupewa maana. Yanayoepukika, alisema, sharti chanzo chake kiondolewe. Na akaonya kwamba kuteseka bure hakumfanyi mtu kuwa shujaa. Nusu hii ya pili haisikiki katika semina, kwa kuwa anayelipia ukumbi mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kukiondoa chanzo.

Kwa hiyo twasema na ninyi waajiri mlio miongoni mwetu, mnaowalipia wafanyakazi wenu mafunzo ya hamasa kila mwaka. Kabla ya semina ijayo, mwulizeni mlinzi wa geti lenu anakesha saa ngapi, mshahara wake humfikia tarehe ngapi, na ni lini mara ya mwisho alipoulizwa neno lolote juu ya zamu yake.